UZI: Tumbo moja, uchungu mmoja. Kuwasoma Clytemnestra, Antigone na Medea bila kukimbilia neno "majaliwa"

Kiambaza (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila tanzia za Kigiriki zinapotajwa humu, ikifika mchango wa tatu au wa nne lazima atokee mtu aseme "ndiyo majaliwa yao, miungu ilishaamua", na mjadala unafia hapo. Naomba leo tuufufue tukiwa na maandishi mkononi. Nitataja namba za mistari, kwa sababu chapa nyingi nzuri huziweka pembeni mwa ukurasa kwa hesabu ya Kigiriki, uwe unasoma tafsiri mpya au ya karne iliyopita. Anayebisha abishe na mstari.

Hoja yangu ni kwamba kinachowabana wanawake wa tamthilia hizi hakidondoki kutoka mbinguni. Kinatoka ndani ya nyumba, na ukikifuata mpaka mwisho unakikuta tumboni: nani kazaliwa na nani, nani alishikwa na uchungu kwa ajili ya nani, na kuzaliwa huko kumeacha deni gani. Miungu ipo, sikatai. Lakini mara nyingi kazi yake ni kudai deni ambalo binadamu wamelikopa wenyewe.

Tuanze na Aeschylus, mwaka 458 KK, alipoleta tamthilia tatu zinazofuatana kwenye tamasha la Dionysus pale Athens. Katika ya kwanza, *Agamemnon*, tunakumbushwa yaliyotokea Aulis: upepo uliikwamisha safari ya Troya, na mtabiri akasema lazima mfalme Agamemnon amchinje bintiye Iphigenia. Wengi wakifika hapo husema basi, hakuwa na hiari. Someni mstari wa 206 hadi 218 polepole. Agamemnon anapima pande zote mbili kwa sauti, anasema zote ni nzito, kisha anauliza atawezaje kuzitelekeza meli na kuwaangusha wenzake wa vita. Ndipo wazee wa korasi, lile kundi la waimbaji wanaotoa maoni juu ya matukio, wanasema kwamba "aliuvaa mkanda wa nira ya lazima". Kitenzi walichotumia ni kile cha mtu kuvaa nguo au silaha mwilini mwake. Lazima ilikuwepo na nira ilikuwepo, ila shingo aliiingiza yeye.

Sasa msikilizeni mama. Clytemnestra amekwisha kumuua mumewe bafuni, anasimama juu ya maiti, na mstari wa 1417 anamtaja Iphigenia kwa neno *odis*. Kwa Kigiriki hilo ni neno la uchungu wa kuzaa. Hasemi "binti yangu". Anasema huyu bwana alimchinja "uchungu wangu nilioupenda kuliko wote", ili iwe dawa ya kutuliza pepo za Thrace. Lugha nyingi hulazimika kuuzunguka mstari huo. Sisi tunaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi tunaupata moja kwa moja.

Kisha nendeni tamthilia ya tatu, *Eumenides*, ambako Orestes, mwana wa Agamemnon, anashitakiwa kwa kumuua mama yake Clytemnestra. Wanaomfukuza ni Erinye, mizimu ya kisasi cha damu. Anawauliza swali la haki kabisa: mbona mama yangu alipomuua baba hamkumfukuza? Jibu lao liko mstari wa 605: aliyemuua hakuwa wa damu yake. Mume si damu. Orestes anarudisha: na mimi ni damu ya mama yangu? Wanamjibu: alikulisha vipi basi chini ya mshipi wake, ewe muuaji? Mungu Apollo anaingia kumtetea, na utetezi wake (658 hadi 661) ni kwamba mama si mzazi wa mtoto, ni mlezi tu wa mbegu aliyopandiwa. Mungu wa kike Athena anapiga kura upande wa Orestes akitoa sababu kwamba yeye hana mama aliyemzaa (736). Kura zinalingana, na kulingana kunamwachia huru.

Kesi kubwa kuliko zote katika tanzia haikukatwa kwa kuuliza miungu ilipanga nini. Ilikatwa kwa kubishana kama tumbo la mwanamke linahesabika katika ukoo.

Sasa Sophocles, *Antigone*, yapata mwaka 441 KK. Kwa ufupi: mfalme Creon ameamuru maiti ya Polyneices, kaka wa Antigone, isizikwe; Antigone anamzika, naye anahukumiwa kufungiwa pangoni. Mstari wa kwanza kabisa, Antigone anamwita dada yake *autadelphon*. Neno *adelphos*, ndugu, limejengwa na neno la tumbo la uzazi. Maana yake ni mtu wa tumbo moja. Huyu akalikaza zaidi: wa tumbo lile lile hasa. Na hapa nywele husimama, kwa sababu tumbo hilo ni la Jocasta, na tumbo la Jocasta ndilo lililomzaa Oedipus, baba yao. Antigone akisema "wa tumbo moja", neno hilo linamfunika dada yake Ismene, linawafunika kaka zao wawili waliouana langoni, na linamfunika baba. Laana yote ya ukoo imo katika neno la salamu kwa dada, na hakuna mungu aliyetajwa bado.

Kwa hiyo mtu anapoanza kusoma, namshauri aweke kalamu pembeni na kila mwanamke anapoingia jukwaani ajiulize kwanza yuko chini ya mamlaka ya nani kisheria, halafu anadaiwa na damu ipi, kisha atafute mstari ambao angeweza kugeuka na hakugeuka. Huo wa mwisho ndio watu huukosa, kwa sababu wameshaandika "majaliwa" pembeni mwa ukurasa wa kwanza.

Kurasa

Shukrani mkuu, uzi mzito huu. Ila nina pingamizi. Oedipus alitabiriwa kabla hajazaliwa kwamba atamuua baba na kumwoa mama. Alikimbia Korintho ili yasitokee, na kule kukimbia ndiko kulikomfikisha. Hayo si majaliwa ni nini? Na kama baba amefungwa hivyo, mabinti wataachwaje?

Kiambaza

Mkuu Kurasa, kwa Oedipus nakupa. Pale kuna utabiri na unatimia. Lakini nionyeshe mstari katika *Antigone* ambapo kuna utabiri kwamba binti huyu atakufa pangoni. Haupo. Mtabiri Tiresias anapoingia, mwishoni mwishoni, anamwonya Creon kwamba atalipa maiti kwa maiti, na onyo hilo linakuja wakati bado kuna nafasi ya kutenda.

Tena korasi yenyewe inakataa kuchagua. Mstari wa 856 wanamwambia Antigone kwamba analipa mateso ya baba yake. Ukishuka hadi 875 wanamwambia kilichomwangamiza ni hasira yake aliyoichagua mwenyewe. Ni chini ya mistari ishirini, wazee wale wale, mtu yule yule. Anayenukuu 856 peke yake ameficha nusu ya ushahidi.

Na angalia jinsi anavyokufa kwa kweli, kwa sababu hapa Sophocles ameandika kama mtu anayeandika taarifa ya ajali. Creon anaogopa, anaomba ushauri. Mstari wa 1100 korasi inampa amri mbili kwa mpangilio: kwanza nenda ukamtoe msichana katika chumba cha chini ya ardhi, kisha mjengee kaburi aliyelala wazi. Aliye hai kwanza, maiti baadaye. Halafu soma ripoti ya mjumbe, 1196 hadi 1205. Walikwenda kwenye maiti ya Polyneices iliyoraruliwa na mbwa. Wakaomba dua. Wakaosha mabaki kwa maji ya utakaso. Wakakata matawi mabichi, wakachoma kilichobaki. Wakafukia, wakainua tuta refu la udongo wa nyumbani. Ndipo wakaelekea pangoni, na walipofika alikuwa ameshajinyonga kwa kitanzi cha kitambaa cha kitani, Haemon, mwana wa Creon na mchumba wake, amemkumbatia kiunoni.

Creon aligeuza mpangilio. Muda wa kuosha, kukata matawi, kuchoma na kufukia ndio muda aliofia Antigone. Aliambiwa kwa lugha ya wazi aanze wapi.

Mfasiri Mkongwe

Naomba niingilie upande wa maneno, maana nusu ya ugomvi wetu unatokana na tafsiri.

Neno linalotafsiriwa "majaliwa" mara nyingi ni *moira*. Asili yake ni fungu, sehemu mtu aliyogawiwa, kama fungu la nyama au la shamba. Kwa Kiswahili "fungu" linakaa vizuri kuliko "majaliwa" au "kudura". Majaliwa na kudura zinambeba Mwenyezi Mungu mmoja aliyetaka jambo liwe. Moira haina mwenye kutaka. Ni mgao, na hata Zeus, mkuu wa miungu, ana wa kwake. Ukiandika "majaliwa ya Mungu" katika kinywa cha Clytemnestra, msomaji wa Pwani atamwelewa kama mtu anayenyenyekea kwa Mola wake, na mwanamke yule hanyenyekei.

*Ananke* ni lazima, ile yenye nira na mkanda. *Tyche* ni nasibu, tukio tu. Ukiyatafsiri yote matatu kwa neno moja, umeiua tamthilia.

*Kurios*, yule mwenye mamlaka juu ya mwanamke, wengi huandika "bwana". Mimi naona "walii" lipo karibu zaidi, kwa kuwa kwanza ni baba, kisha kaka au ami, ndiye anayeozesha. Tahadhari ni kwamba walii wetu kazi yake kubwa ni ndoa, lakini kurios wa Athens alimsimamia mwanamke maisha yake yote, mahakamani na katika mali. Antigone hana baba, kaka zake wote wawili wamekufa siku moja, kwa hiyo walii wake sasa ni Creon, kaka wa mama yake. Anayemhukumu kufa ndiye yule yule aliyetakiwa kumwozesha, tena kwa mwanawe. Mfasiri akiandika "mfalme" tu kila mahali, ujomba unapotea. Aandike "mjomba" walau pale wanapokabiliana, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anajua mjomba ni nani na anatarajiwa afanye nini.

Kosa lingine ni "mahari". Medea analalamika (232 hadi 234) kwamba mwanamke inambidi anunue mume kwa fedha nyingi kisha huyo mume awe bwana wa mwili wake. Fedha hizo Ugiriki zilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa mume. Kwetu mahari inakwenda upande wa pili. Ukiandika mahari bila kufafanua, msomaji anadhani Medea kachanganyikiwa. Sema wazi: "mali tunayowapa wao".

Na kuna neno letu ambalo wafasiri hawalitumii na lingewaokoa: radhi. Orestes anapomsukuma mama yake ndani kumuua, Clytemnestra anamuuliza (mstari wa 912 wa tamthilia ya pili, ile ya wabeba tambiko) kama haogopi laana ya mzazi. "Huogopi kukosa radhi yangu, mwanangu?" Mswahili yeyote aliyelelewa na mama anaisikia sentensi hiyo mgongoni.

Shani

Mwalimu Mfasiri umegusa penyewe kuhusu mjomba. Lakini mleta mada, kaka Kiambaza, umemtaja Medea kwenye kichwa cha uzi kisha umemwacha nje. Yeye ndiye anayeipima hoja yako kwa ukali, kwa sababu Medea hana nyumba. Ya baba ameisaliti, kaka yake amemuua, walii hana. Mumewe Jasoni walishikana naye mkono wa kulia na kuapizana, na kiapo hicho ndicho ndoa yake. Athens ya wakati ule, tangu sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK, mtoto wa mama asiye raia hakuwa raia. Watazamaji wa *Medea* ya Euripides, 431 KK, walikuwa wanaishi chini ya sheria hiyo walipomwona Jasoni akimwacha mke mgeni na kumwoa binti wa mfalme.

Ila ukiitafuta hoja ya tumbo, ipo. Mstari wa 250 na 251: heri nisimame mara tatu na ngao vitani kuliko kuzaa mara moja. Na Jasoni anamjibu baadaye, 573 hadi 575, kwamba ingefaa binadamu wapate watoto kwa njia nyingine, jinsia ya kike isiwepo, na maovu yasingekuwepo. Wekeni hilo kando ya Apollo wa *Eumenides*. Kisha mwaka 428 KK Euripides anarudia tena, safari hii kwa kinywa cha Hippolytus (616 na kuendelea), anayetamani watu wanunue mbegu za watoto mahekaluni kwa dhahabu au shaba, kila mmoja kwa uwezo wake, wakae majumbani bila wanawake. Ni wanaume watatu ndani ya miaka 30, wakitamani kitu kimoja. Tanzia inawasikiliza, kisha inaonyesha kinachowapata: Jasoni anabaki bila mtoto hata mmoja, na Hippolytus anaburutwa na farasi wake.

Ndiyo maana silaha ya Medea ni watoto: anawaua wanawe mwenyewe. Mwanamume aliyesema tumbo halina kazi, ananyang'anywa kila kilichotoka tumboni.

Na tafadhali, msimfanye kichaa. Kuanzia 1021 hadi 1080 anabadilisha uamuzi mara kadhaa, anatazama macho ya watoto, anasema siwezi, anarudi, anasema nitaweza. Mstari wa 1079 anasema wazi kwamba hasira yake ina nguvu kuliko mipango yake. Mwendawazimu hapimi hivyo. Na sababu si kisasi pekee: 1060 na 1061 anasema hatawaacha wanawe mikononi mwa maadui wawafedheheshe.

Kiambaza

Dada Shani, nakubali, nilimwacha makusudi nikitumaini atakuja mtu amlete vizuri kuliko mimi. Hilo la wanaume watatu ndilo lililokuwa linakosekana.

Fundi Jukwaa

Ninyi mnasoma, mimi naangalia zinavyosimama mbele ya watu, na kuna mambo ambayo ukurasa unayaficha.

La kwanza ni mlango. Jukwaa la Athens lilikuwa na jengo nyuma, na mlango wa katikati ndio nyumba. Vifo karibu vyote hutokea nyuma ya mlango huo. Katika *Agamemnon*, hesabuni nani anaingia na nani anatoka, na kwa ruhusa ya nani. Clytemnestra ndiye mwenye mlango. Anatandika vitambaa vya zambarau kutoka kwenye gari mpaka kizingitini, anamshawishi mumewe avikanyage, na akishavuka hicho kizingiti hatoki akiwa hai. Mwongozaji akimweka Clytemnestra mbele kabisa ya jukwaa kwa kuwa ndiye nyota, amemnyang'anya silaha. Akae karibu na mlango, na mwili wake uuzibe.

La pili ni Cassandra, mateka aliyeletwa kutoka Troya. Anaingia na gari la Agamemnon karibu na mstari wa 783 na hatamki neno mpaka 1072, akimlilia Apollo. Ni karibu mistari 290 ya kukaa kimya mbele ya watu. Wakati ule mwigizaji wa tatu alikuwa jambo jipya, na mtazamaji aliyemwona amenyamaza hivyo angedhani ni mhusika bubu tu, mateka wa kujazia. Clytemnestra mwenyewe anamwambia ashuke, hajibu, malkia anachoka anaingia ndani. Ndiyo mara pekee katika tamthilia nzima mtu anaukataa mlango wake. Ukimpa Cassandra vilio vidogo vidogo kabla ya 1072, umeutapanya mtaji wote.

La tatu, mama na ziwa. Katika tamthilia ya pili, 896 hadi 898, Clytemnestra anamwonyesha Orestes ziwa alilonyonya. Orestes anasita, anamgeukia Pylades, rafiki aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Pylades anasema mistari mitatu tu, 900 hadi 902, akimkumbusha agizo la Apollo, na hasemi tena mpaka mwisho. Lakini kidogo kabla, kuanzia 749, yaya Kilissa amekwisha tueleza kwamba yeye ndiye aliyemlea Orestes, aliyeamka usiku, aliyefua nepi zake. Kwa hiyo ziwa linapoonyeshwa, mtazamaji tayari ana shaka: nani alinyonyesha? Waongozaji wengi humkata Kilissa ili kufupisha, wanamwona wa kuchekesha tu. Ukimkata, umemfanya Clytemnestra mama wa kawaida anayeomba huruma, na Orestes mnyama. Mizani inalala.

Jambo la mwisho, kwa vikundi vinavyoigiza *Antigone* na watu wachache: Antigone na Haemon hawakutani jukwaani hata mara moja. Mwigizaji mmoja anaweza kuwachukua wote wawili. Wapenzi wanaokutana pangoni tu, nje ya macho yetu, mmoja akiwa maiti.

Kurasa

Swali kwa wote. Ile sehemu ya *Antigone* 905 hadi 912, anaposema asingevunja amri kwa ajili ya mume wala mtoto, ila kwa kaka tu kwa sababu wazazi wamekufa na kaka mwingine hatazaliwa. Inaharibu kila kitu. Ilichomekwa baadaye?

Mfasiri Mkongwe

Mshairi Mjerumani Goethe alitamani msomi mmoja athibitishe hivyo, na wengi baada yake wakaikata. Lakini Aristotle anaitaja katika kitabu chake cha ufasaha wa hotuba, kwa hiyo katika karne ya nne KK ilikuwemo tayari. Herodotus naye ana hoja kama hiyo kinywani mwa mke wa Mwajemi Intaphernes; mwanamke huyo alipewa nafasi ya kumwokoa ndugu mmoja, akamchagua kaka.

Mimi siikati. Watu huikata kwa sababu wanamtaka Antigone awe shujaa wa haki kwa kila binadamu. Hakuwa. Ni mtu wa tumbo moja, kama mleta mada alivyosema. Mume ni wa nyumba nyingine, mtoto ni wa nyumba ya mume. Kaka pekee ndiye wa tumbo lile, na tumbo lile halizai tena. Katika 511 kule kumzika kaka anakuita heshima kwa "waliotoka tumbo moja". Ukiisoma 905 ukiwa umeukumbuka mstari wa kwanza, inafuata bila kusukumwa.

Shani

Twendeni kwenye riwaya sasa, maana huko ndiko hoja inapojaribiwa.

Kamila Shamsie, *Home Fire*, 2017, iliyopata tuzo ya riwaya za wanawake ya Uingereza mwaka 2018. Ni *Antigone* iliyohamishiwa London. Ina sehemu tano, kila moja inamfuata mtu mmoja: Isma, Eamonn, Parvaiz, Aneeka, na mwisho Karamat, waziri wa mambo ya ndani. Angalieni alichobadilisha. Kwa Sophocles, Ismene ni dada mwoga anayefukuzwa mapema. Hapa Isma ndiye anayefungua kitabu, na ndiye aliyewalea pacha wawili, Aneeka na Parvaiz, baada ya mama na bibi kufariki, kwa hiyo ni dada mwenye deni la mama. Polyneices ni maiti tangu mstari wa kwanza; hapa Parvaiz anapewa sehemu ya katikati, tunaona alivyovutwa mpaka Raqqa kule Syria na kwa nini, na laana ya baba imekuwa historia ya baba aliyekufa njiani akipelekwa gereza la Guantánamo. Amri ya kutozika imekuwa sheria ya uraia: mwili hauruhusiwi kurudi Uingereza. Aneeka anakwenda kukaa na maiti bustanini Karachi, barafu zikiizunguka. Hakuna hata mungu mmoja, na kamba inakaza vile vile, kwa sababu alichokihifadhi Shamsie ni tumbo: mapacha.

Christa Wolf alifanya kinyume mwaka 1996. Medea wake hakuwaua watoto; waliwaua Wakorintho. Hakubuni: masimulizi ya kale kabla ya Euripides yalikuwa na toleo hilo. Ameliandika kwa sauti sita katika monolojia kumi na moja. Kilichomponyoka, kwa maoni yangu, ni uzito. Medea asiye na hatia anatufanya tuwahukumu Wakorintho tukalale. Wa Euripides hatulali.

Na *Beloved* ya Toni Morrison, 1987, ndiyo iliyofika mbali zaidi. Inatokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, aliyetoroka utumwani Kentucky na mwaka 1856 akamuua bintiye pale Cincinnati asirudishwe. Mwaka 1867 mchoraji Thomas Satterwhite Noble alichora tukio hilo na picha ikaitwa Medea wa kisasa. Jina hilo limepotosha. Medea ana gari la jua linamsubiri juu ya paa. Sethe wa Morrison ana siku 28 za uhuru, banda la kuni na msumeno. Sheria ya utumwa ilisema kilichotoka tumboni mwake ni mali ya mwenye shamba. Apollo angeielewa sheria hiyo.

Kurasa

Na Tess, yule wa riwaya ya Mwingereza Thomas Hardy, je? Pale mwishoni kabisa Hardy mwenyewe anamtaja Aeschylus.

Kiambaza

Anamtaja, mwaka 1891, na nadhani amemsingizia. Tess anaandika barua ya kumkiri mchumba wake Angel kila kitu kabla ya harusi, anaisukuma chini ya mlango, barua inateleza chini ya zulia na haisomwi. Hiyo ni *tyche* aliyoieleza mwalimu Mfasiri, nasibu. Zulia likiwa fupi kidogo, hakuna riwaya. Katika Aeschylus huwezi kuirekebisha tanzia kwa kulipunguza zulia. Hardy yuko karibu na Wagiriki mwanzoni, pale kasisi anapomwambia baba yake Tess kwamba wao ni kizazi cha d'Urberville, na baba, kwa kulewa jina la ukoo, anamweka binti njiani mwa hatari. Hapo ni nyumba inayotenda.

Kwa kipimo hicho *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, 1971, iko karibu na Sophocles kuliko Hardy. Nako kuna barua, ya mvulana kwa Rosa, lakini barua hiyo inasomwa. Zakaria anaisoma na kumpiga bintiye bila kumsikiliza. Kila kinachofuata, woga wake kwa wanaume na kisha kufunguka kwake bila breki akiwa mbali na Ukerewe, kinarudi kwenye kipigo kile. Baba ndiye aliyeivaa nira, na shingo iliyochubuka ni ya binti. Wanaosema Rosa "alijitakia" na wanaosema "ndivyo alivyoandikiwa" wote wamemruka Zakaria.

Kurasa aliniuliza pembeni aanze na ipi. Anza na *Antigone*, ina mistari 1,353, kikao kimoja kinatosha. Kisha *Medea*, 1,419. *Agamemnon* iache ya tatu, ina 1,673 na nyimbo za korasi za mwanzo ni nzito. Ukizisoma bila kujua Aulis ni nini utakata tamaa kabla ya mstari wa 218. Ukiimaliza, usisimame, soma nyingine mbili mfululizo, 1,076 na 1,047. Kosa la kawaida ni kuisoma ya kwanza peke yake na kudhani Clytemnestra ameshinda.

Fundi Jukwaa

Naongeza moja kwa atakayeanza na *Antigone*. Msimruke Eurydice, mke wa Creon. Ana mistari tisa tu, 1183 hadi 1191. Anatoka ndani akielekea kusali, anasikia habari za nyumba yake, anamwomba mjumbe aeleze yote, akisema yeye si mgeni wa misiba. Mjumbe anaeleza kifo cha mwanawe bila kupunguza kitu. Kufikia 1244 ameshageuka na kuingia ndani bila kusema neno, na tunasikia baadaye kwamba alijichoma kwa kisu huku akimlaani mumewe kwa kuua watoto wao. Unaposimamisha tukio hilo usiweke muziki. Muache atembee mwenyewe mpaka mlangoni, hatua zisikike, na mjumbe na korasi wasimame wakimtazama mgongo.